Jembe Kwanza, Mvua Baadaye: Kuandaa Bustani ya Nyumbani Wakati wa Kaskazi

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Mithali 20:4, 2 Wafalme 3:9–20, Isaya 28:23–29, Luka 13:6–9, Yakobo 5:7.

Wazo kuu: Mvua ni ya Mungu, lakini jembe ametupa sisi. Anayeomba mvua, na aonekane ameandaa shamba.



Januari inaisha. Wengi wetu tumeubatiza mwezi huu Njaanuari, na si mzaha. Karo imelipwa nusu, kodi ya nyumba inadaiwa, na fungu la mboga sokoni linazidi kuwa dogo huku bei ikipanda. Juu ya hayo yote, tuko katikati ya kaskazi. Likoni mchanga unachoma nyayo. Kisauni visima vingi maji yake yamezidi chumvi. Changamwe ardhi imepasuka hadi unaweza kuingiza vidole. Ukimwambia mtu wakati huu achukue jembe aende nyuma ya nyumba, atakuangalia mara mbili. "Nilime nini, na hakuna hata wingu?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo. Tutaliangalia kwa Neno, kisha tushike jembe kabisa, hatua kwa hatua. Manake imani isiyofika uani kwako bado haijafika mbali.

1. MVIVU WA BARIDI NA MVIVU WA JOTO

Mithali 20:4 inamsema mtu aliyeacha kulima kwa sababu ya baridi. Mavuno yalipofika, akazunguka akiomba na asipate kitu. Sisi watu wa Mombasa tukisoma mstari huo twaweza kudhani hautuhusu. Baridi yetu ni ile ya kipupwe, ya kujitanda leso asubuhi, basi.

Lakini angalia kilichokuwa kikitendeka kule Israeli. Mvua za kwanza huko huanza kama Oktoba au Novemba, baada ya kiangazi kirefu. Mkulima alilazimika kulima miezi ile ile ya baridi na upepo. Msimu wa kulima ulikuja na usumbufu wake, na mvivu akaufanya usumbufu ule kuwa sababu.

Hapa kwetu usumbufu una sura nyingine. Masika kwa kawaida huanza kuelekea mwisho wa Machi, hukolea Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Kwa hivyo kazi ya kuandaa shamba inaangukia Januari, Februari na Machi, wakati jua ni kali kuliko wakati wote. Yule wa Mithali alikimbia baridi. Wa kwetu hukimbia joto. Udhuru ni ule ule mmoja. Wazee wa Pwani walishasema: mchumia juani hulia kivulini.

Tuelewane hapa, mpendwa. Si kila asiye na bustani ni mvivu. Yuko mama anayetoka Mtongwe alfajiri kuwahi feri, akirudi ni usiku. Yuko baba wa Chaani anayefanya zamu ya usiku bandarini. Andiko hili halimpigi mtu aliyechoka kwa kazi. Linamsema mwenye nafasi, mwenye nguvu na mwenye kipande cha ardhi, ambaye kila mwaka husubiri wingu ndipo aanze kutafuta jembe liko wapi.

Na hasara yake ni nini? Ardhi iliyokaa wazi juani miezi mitatu huwa ngumu kama sakafu. Mvua ya kwanza ikipiga, maji hayaingii. Yanateleza juu na kubeba ule udongo mzuri hadi barabarani. Aliyeanza kulima Aprili atapanda Mei, na mvua kubwa za Mei zitaiangusha miche ikiwa bado michanga. Mahindi yetu ya Pwani yanataka kama miezi mitatu hadi minne. Ukipanda mwisho wa Mei, yatabeba Agosti wakati mvua imeshapungua. Mvua ilikuja, Mungu alifanya sehemu yake, lakini sufuria ikabaki tupu.

2. CHIMBA, HATA KAMA HUONI UPEPO WALA MVUA

Katika 2 Wafalme 3, wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, walitoka kwenda vitani dhidi ya Moabu. Wakazunguka njiani siku saba, maji yakaisha. Hapakuwa na maji ya jeshi wala ya wanyama waliokuwa nao. Mfalme wa Israeli akaanza kulalamika kwamba Bwana amewaita ili wafe. Yehoshafati akauliza kama hakuna nabii hapo, wakaletewa habari za Elisha.

Elisha hakuwaambia wakae kwenye vivuli wakisubiri. Neno la Bwana lilikuwa wachimbe mahandaki kila mahali katika bonde lile kavu. Akawaambia wazi kwamba hawataona upepo, hawataona mvua, na bado bonde litajaa maji wanywe wao na mifugo yao. Asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, maji yakaja kutoka njia ya Edomu, nchi ikajaa.

Yaangalie mambo matatu hapo.

Kwanza, agizo la kuchimba lilikuja kabla ya dalili yoyote. Sisi tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Hawa walichimba bila mawingu.

Pili, mahandaki hayakuleta maji. Watu wale hawangeweza kujisifu kwamba koleo zao ziliita mto. Kuchimba kulikuwa kwao, kujaza kulikuwa kwa Bwana. Kwa hivyo kazi haimnyang'anyi Mungu utukufu. Kazi hutengeneza mahali pa kupokelea.

Tatu, fikiria kama wangepuuza. Maji yangekuja yale yale kutoka Edomu, yakapita bondeni, yakazama mchangani au yakaenda zake. Wangeshuhudia muujiza na bado wakafa kiu.

Wapendwa, makanisani tumezoea sana neno "panda mbegu". Mtu akilisikia, mkono unaenda kwenye bahasha. Kutoa ni jambo la Biblia, hatulipingi hata kidogo. Lakini tusisahau kwamba kabla mbegu haijawa mfano, ilikuwa mbegu kweli kweli, ya kufukiwa udongoni. Mungu alipomweka Adamu Edeni, Mwanzo 2:15, alimpa kazi ya kuilima bustani na kuitunza, na hiyo ilikuwa kabla dhambi haijaingia. Kushika jembe si laana. Laana ilileta miiba, jembe lilikuwepo tayari.

Na sisi tumeona kwa macho yetu kwamba misimu haitabiriki tena kama zamani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika. Ndugu zetu wa Ganze, Magarini na Kinango waliuza mifugo kwa bei ya kutupa, na wengine wakaizika. Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, na zile nyumba zilizokuwa zikililia maji zikaingiliwa na maji. Aliyeandaa shamba lake vizuri hakuzuia ukame wala mafuriko. Lakini shamba lililochimbwa na kulishwa mbolea hushika maji yakiwa machache, na hupitisha maji yakizidi.

3. MUNGU NDIYE MWALIMU WA MKULIMA

Isaya 28:23–29 ni mahali ambapo wengi wetu hatupahubiri. Nabii anauliza kama mkulima hulima tu siku zote bila kupanda. La! Akishasawazisha ardhi, hupanda kila mbegu mahali pake, viungo huku, ngano kwa mistari, shayiri kwa sehemu yake. Kisha Isaya anasema jambo kubwa: Mungu wake ndiye humfundisha utaratibu huo. Kwa hivyo maarifa ya kilimo ni mafundisho ya Mungu pia. Ukienda kumuuliza afisa wa kilimo wa wadi yako, hujaacha imani. Umeenda darasani.

Basi na tuingie darasani. Toka sasa hadi mwisho wa Machi tuna kama wiki nane. Hizi hapa hatua saba.

Hatua ya kwanza: Ijue ardhi yako na historia yake. Simama uwanjani asubuhi, mchana na jioni uone jua linapiga wapi. Mboga nyingi zataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Kumbuka mvua ya mwaka jana maji yalipita wapi. Halafu uliza palikuwa na nini hapo zamani. Jambo hili si dogo. Kule Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014, na madini ya risasi yakaingia kwenye udongo, maji na damu za watu, watoto wakiwemo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Funzo kwetu: pahali palipokuwa gereji, jaa la taka, mtaro wa maji machafu au pa kuchomea betri, usipande chakula moja kwa moja ardhini. Tafuta udongo safi kwingine, upande kwenye gunia au ndoo.

Hatua ya pili: Fyeka, lakini usichome. Tumezoea kufagia majani yote, tukayarundika na kuyatia kiberiti. Ukichoma unabaki na jivu kidogo na ardhi uchi. Majani yale ndiyo chakula cha udongo. Yaweke kando kwa hatua ya nne. Magugu yenye mbegu ndiyo uyatenge, yasije yakajipanda upya.

Hatua ya tatu: Chimba kulingana na udongo. Hapa watu wengi hukosea kwa kuiga walichoona bara. Likoni na Kisauni sehemu nyingi ni mchanga, na chini kuna mwamba wa matumbawe. Mchanga haushiki maji. Kwa hivyo tengeneza kitanda kilichozama, kina cha kama shibiri moja kutoka usawa wa ardhi, ili maji yakusanyike humo. Chini yake tandaza makumbi ya nazi, upande wenye nyuzi ukiangalia juu. Makumbi hunywa maji na kuyaachilia polepole. Changamwe kwa upande wake sehemu nyingi ni udongo mzito wa mfinyanzi. Huo hushika maji mpaka mizizi ioze. Huko inua kitanda juu kwa shibiri moja na uache mifereji katikati. Upana wa kitanda usizidi mita 1, ili ufike katikati bila kukanyaga. Lima asubuhi mapema au baada ya alasiri. Hakuna thawabu ya kuzirai juani saa saba.

Hatua ya nne: Anza mboji wiki hii. Chagua pembe yenye kivuli. Weka tabaka la majani makavu na mabua, tabaka la majani mabichi na maganda ya mboga, kisha mbolea ya mbuzi au ya ng'ombe, na udongo kidogo. Rudia hadi kimo cha kiuno. Nyunyiza maji kila tabaka, yawe kama kitambaa kilichokamuliwa. Funika kwa makuti. Chomeka kijiti katikati. Baada ya siku chache ukichomoa kikiwa na joto, mboji inafanya kazi. Igeuze kila baada ya wiki mbili. Ikipata unyevu na kugeuzwa, baada ya wiki sita hadi nane itakuwa nyeusi, yenye harufu ya udongo wa mvua. Usitie nyama wala mafuta, utaita panya. Mbolea ya kuku ni kali, usiiweke mbichi kwenye mimea, iache ioze kwanza. Kadiria debe moja la mbolea iliyoiva kwa kila mita 1 ya mraba.

Hatua ya tano: Andaa pa kuweka maji. Fanya hesabu hii na watoto nyumbani. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 8 kwa 5 ni mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo masika huweza kunyesha kwa siku moja, ni lita 800. Hiyo ni mitungi 40 ya lita 20, kutoka mbinguni, bila mkokoteni. Hata ikipotea robo, mingapi imebaki? Thelathini. Basi kagua mabati, funga mtaro wa paa, osha tangi au pipa sasa. Kila chombo kiwe na kifuniko au wavu, manake mbu wa dengue hupenda maji safi yaliyotulia. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe, yanywesheni mimea. Ya kisima chenye chumvi uyaonje kwanza. Maharage hayastahimili chumvi, mchicha huvumilia zaidi.

Hatua ya sita: Jaribu mbegu kabla ya kuzipanda. Hesabu mbegu 10, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke ndani siku nne au tano. Zikiota 8 au zaidi, ni nzuri. Zikiota 5, itabidi upande mara mbili. Zikiota 2, usipoteze jasho lako, tafuta nyingine. Mbegu za kunde, mchicha, mabamia na mnavu unaweza kujiwekea mwenyewe: zikaushe kivulini, changanya na jivu kavu, fungia kwenye chupa. Mahindi chotara hayafai kuwekewa mbegu, nunua mapya kwenye agroveti inayoaminika. Za Pwani Hybrid zimetengenezwa kwa ajili ya joto letu. Kwa mihogo, chagua fimbo kutoka shina lisilo na majani ya kujikunja yenye madoa ya manjano. Aina kama Tajirika, Shibe na Karembo zilitoka kituo cha utafiti wa kilimo hapo Mtwapa. Si mbali, waweza kwenda kuuliza.

Hatua ya saba: Tia kitalu na ua. Biringani, pilipili na sukumawiki huanzia kitaluni wiki nne hadi sita kabla ya kuhamishwa. Kwa hivyo mwisho wa Februari kitalu kiwe tayari, chini ya kivuli cha makuti. Na ua ujengwe sasa, kabla ya mbuzi wa jirani kuonja. Kugombana na jirani baada ya mboga kuliwa hakurudishi mboga, na huharibu ushuhuda. Kama karibu na wewe kuna mwarobaini, kumbuka dawa yake ya wadudu: ponda majani, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Yote haya yakiwa tayari, ngoja. Yakobo 5:7 inamtaja mkulima anayevumilia hadi apate mvua za kwanza na za mwisho. Katikati ya Machi huja manyunyu ya kudanganya. Watu wanakimbia kupanda, jua linarudi wiki mbili, mbegu zinakufa. Mvua ikinyesha, chimba kidogo kwa mkono. Unyevu ukiwa umefika shibiri moja chini, panda. Kabla ya hapo, subira. Aliyeandaa anaweza kusubiri bila wasiwasi, ndiye anayejua kwamba siku ikifika ni kuweka mbegu tu.

4. MTINI ULIOPEWA MWAKA MMOJA

Katika Luka 13, mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tini kwenye mti wake, hapati. Anasema ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi. Lakini sikiliza ameombaje. Hakusema, "Bwana, uache tuone." Aliahidi kuchimba kuuzunguka na kuutia samadi. Ombi lake lilikuja na jembe na ndoo ya mbolea.

Hapa somo la bustani linageuka na kutuangalia sisi. Labda kiangazi chako si cha ardhi. Ni cha ndoa, kazi, au mtoto aliyepotelea mitaani kwa dawa za kulevya, tatizo ambalo Likoni na Kisauni hatuna haja ya kuelezwa. Umeomba miaka mitatu. Umefunga. Wakati mwingine tunachofanya ni kusimama mbele za Bwana na kusema "uache mwaka huu pia", huku hatujachimba wala kutia kitu. Kuchimba ni yale mazungumzo magumu uliyoyakwepa na mumeo. Samadi ni ule muda wa kukaa na kijana wako, umsikilize kabla ya kumkemea. Inanuka, inachafua mikono, na matunda hayaonekani siku hiyo.

Hosea 10:12 na Yeremia 4:3 yote mawili yanatuita tuvunje ardhi iliyokaa bila kulimwa, na Yeremia anaonya tusipande katikati ya miiba. Kuna mioyo imekaa kaskazi muda mrefu hata Neno likinyesha Jumapili, linateleza. Jumatatu hakuna lililobaki. Dawa yake si mvua kubwa zaidi, wala mhubiri mgeni mwenye sauti kuliko wa juzi. Moyo huo unataka kuchimbwa: toba, kusamehe, kurudisha cha mtu, kuacha lile uchungu lililoota mizizi.

Kiangazi basi tusikione kila mara kama adhabu. Mara nyingi ni nafasi. Masika yakishaanza, hakuna mtu atakayeweza kuchimba vizuri kwenye tope.

5. ASIYE NA ARDHI, NA MWENYE ZIADA

Wengi wetu ni wapangaji. Chumba kimoja, mlango unaangalia mlango wa mwenzio. Nawe una sehemu yako. Chukua gunia moja lililotumika. Changanya ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya mbolea iliyoiva. Katikati weka nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu, ukitumia kopo lisilo na matako unalolivuta juu kadiri unavyojaza, ili maji yafike chini. Toboa matundu pembeni, panda miche 20 hadi 30 ya sukumawiki au mchicha. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwanza, kwa heshima. Siku ukihama, gunia linahama nawe. Mchicha ukipata maji, baada ya wiki tatu au nne unachuma. Familia inayochuma mboga mara tatu kwa wiki imejipunguzia deni la dukani, na mtoto amepata majani ya kijani kwenye sahani.

Wenye uwanja mkubwa, Walawi 19:9–10 iwakumbushe. Mungu aliagiza pembe za shamba zisivunwe zote, zibaki za maskini na mgeni. Tukivuna Mei na Juni, fungu la kwanza limfikie mjane wa mtaa wetu. Na mbegu zikizidi, mpe jirani, hata kama mwenzio anaswali msikitini. Mvua ikinyesha Likoni hainyeshi kwa waliookoka peke yao. Yesu mwenyewe alisema hivyo katika Mathayo 5:45.

KAZI YA WIKI HII

Kila nyumba ifanye jambo moja kabla ya Jumapili ijayo: kuanza lundo la mboji, au kuchimba kitanda kimoja, au kujaza gunia moja. Vijana wapange zamu ya kuwachimbia wazee na wagonjwa, saa moja asubuhi hadi saa tatu, kabla ya jua kuwa kali.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni udhuru gani unaoutumia mara nyingi kuahirisha kazi unayojua Mungu amekupa?
2. Katika 2 Wafalme 3, kama ungekuwa askari mwenye kiu, ungechimba? Kwa nini?
3. Ni ombi gani umekuwa ukiliomba bila kushika jembe lolote?
4. Nani katika kikundi chetu ana ardhi asiyoitumia, na nani ana nguvu lakini hana ardhi? Twaweza kuwaunganisha vipi?

MAOMBI

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa ardhi, hata hii iliyokauka. Tusamehe tulipoomba mvua na mikono yetu imekunjwa. Tupe nguvu ya kuchimba tusipoona wingu, na subira ya kungoja tukishachimba. Ilinde miji yetu na njaa, na mafuriko pia. Mvunje kila mmoja wetu moyo uliokuwa mgumu. Na masika yakifika, yatukute tayari. Amina.